Ibenge Mmemchukua Nyinyi, Maswali Naulizwa Mimi

Likasi, Agosti 2025

Shikamoo Mjomba, na salamu kwa wote wa kijiwe cha kahawa hapo Mbagala.

Mimi mzima. Kazi ya kuandika malori yadini inaendelea, na bukari ya huku ni ugali uleule, kwa hiyo mwambie mama asihangaike. Wanaonihangaisha ni nyinyi. Azam yenu ilipomchukua kocha Mkongo Florent Ibenge, hivi hamkufikiria kabisa kwamba kuna mtoto wenu huku Katanga atakayedaiwa maelezo?

Zamani niliishi kwa raha. Tangu Mbwana Samatta atwae kombe la Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, Mtanzania yeyote hapa ni ndugu yake wa tumbo moja. Mazembe ni ya Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka kwetu, na Likasi ina Panda B52 yake, lakini Mazembe ikicheza hata muuza makala, yaani mkaa, anaacha magunia yake njiani. Nikipita waliniita Samatta, nami na kitambi changu hiki nikaitikia. Siku hizi naitwa "Tanzanien", na nikishaitwa tu, swali linafuata: Ibenge anaendeleaje?

Kinyozi wangu ni Mazembe damu. Amechora mamba wa nembo yao ukuta mzima, na kioo kikabaki na nafasi ya kuonyesha sikio moja. Kwake Ibenge ana dhambi isiyofutika: alikuwa kocha wa AS Vita Club ya Kinshasa, na mwaka 2014 akapewa pia timu ya taifa, akazishika zote mbili. "Papa, muntu moya, benchi mbili!" analalamika, kana kwamba benchi la pili lilitoka sebuleni kwake.

Nikamwambia mbona mwaka 2015 alishika nafasi ya tatu Afrika. Akazima mashine. Robo fainali na Kongo Brazzaville, walikuwa nyuma 2-0 wakashinda 4-2: Joël Kimwaki aliyefunga siku ile ni wa nani? Wa Mazembe. Golini nani? Kidiaba wa Mazembe, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka na makalio. Kwa hiyo medali ile ni ya Lubumbashi, Ibenge alipewa lifti tu. Na CHAN ya 2016 kule Kigali, Mali walipopigwa 3-0 kwenye fainali? Wachezaji hao. Na mwaka 2019, Madagascar walipowatoa kwa penalti kwenye AFCON?

"Ah, siku ile kocha alikuwa Ibenge."

Jioni hukutana kwenye nganda moja, yaani baa, karibu na yadi. Hapo yupo mzee mmoja aliyeletwa na kazi kutoka Kinshasa, Vita wa kufa na kuzikana. Yeye anasema Ibenge ni mwalimu wa walimu: aliifikisha Vita fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2014. Watu wa Mazembe wanamzomea: ulifungwa fainali na Sétif kwa sheria ya bao la ugenini! Naye anawauliza, nyinyi nusu fainali mlitolewa na nani? Na Sétif. Kwa sheria gani? Bao la ugenini. Mjomba, ubishi huu una miaka 11, na kila jioni unaanza upya kama taarifa ya habari.

Tatizo langu jingine ni kinywaji. Bia ya huku, inayotengenezwa Lubumbashi, inaitwa Simba. Mimi Yanga tangu tumboni, unanielewa? Nilipokataa nikaletewa nyingine, inaitwa Tembo. Sasa nakunywa Tembo na kutafuta amani.

Kitu kimoja tu kinawanyamazisha wote. Tarehe 5 Septemba 2017, Kongo waliongoza 2-0 dhidi ya Tunisia palepale Kinshasa, mlango wa Kombe la Dunia umeachwa wazi. Mabao yakarudi yote mawili ndani ya dakika chache. Tunisia wakaenda Urusi kwa kuwazidi pointi moja. Hapo mzee wa Vita na kinyozi wanakuwa ndugu, wanamlaumu Ibenge kwa sauti moja: mabadiliko, kujilinda, mpaka koti alilovaa.

Juzi wakiwa katikati ya lawama hizo, nami nikaona nimeshakuwa mwenyeji. Nikakumbuka Novemba 2024 alivyokuja Dar na Al Hilal ya Sudan akatufunga Yanga 2-0, roho ikachemka. Nikasema: "Kwa kweli huyu kocha hana lolote, ana bahati tu."

Muziki uliendelea, watu walinyamaza. Kinyozi, Mjomba, kinyozi yuleyule, akasimama. Hana lolote? Nani aliipa Berkane Kombe la Shirikisho mwaka 2022? Nani aliishika Al Hilal vita vilipoikimbiza Sudan mpaka ikaenda kucheza ligi ya Mauritania? Mtoto wa Kongo atukanwe na Tanzanien, tena Likasi? Mzee wa Vita akapiga meza kuunga mkono. Nikahukumiwa kununua kreti zima, na mahakama ikakataa katakata Tembo. Hivyo ndivyo Yanga halisi nilivyolipia Simba kwa ajili ya kocha wa Azam.

Nilichojifunza ni kwamba kumponda Ibenge huku ni haki ya wenye mali. Kwa hiyo mkifungwa hapo Chamazi, mlaumuni polepole, au semeni refa. Mkimtimua kwa matusi, mimi ndiye nitakayetimuliwa Likasi.

Sasa nijibu upesi mambo haya: anaishi mtaa gani, amenenepa au amekonda, na "beko banamulipa ngapi?" La mshahara ndilo la haraka. Kinyozi aliahirisha upande wa kushoto wa kichwa changu mpaka nilete jibu.

Wako mpwa,
Tanzanien wa Likasi