Kaldera, Kreta na Baridi ya Ukingoni

Miongoni mwa maneno adimu ya Kiingereza yanayosikika wilayani Karatu, hakuna linalowatesa waongoza watalii kama "kaldera", ambalo Waingereza wenyewe walilipata kwa Wahispania na ambalo asili yake ni chombo kikubwa cha kuchemshia, yaani sufuria. Mjerumani Leopold von Buch, aliyezuru Visiwa vya Kanari mwaka 1815, ndiye anayetajwa kuliingiza katika jiolojia, nalo sasa humaanisha shimo linalobaki pale volkano inapomwaga ujiuji wa moto uliokuwa chini yake, ikakosa cha kuegemea, na kilele chake kikaporomokea ndani. Kreta, ambayo kamusi huiita kasoko, ni ule mdomo tu ambamo volkano hutapikia.

Kwa kipimo hicho Ngorongoro, iliyoporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, yenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilometa za mraba 260 hivi, ni kaldera bila ubishi. Hata hivyo, kuanzia Karatu mjini hadi Lango la Loduare kila kinywa husema kreta. Hakuna dereva anayemwambia mwenzake kwamba kesho anashuka kaldera, na ada ambayo kila gari hutozwa kwa kushuka ni ada ya kreta, hivyo hili ni miongoni mwa makosa machache ya kisayansi yenye stakabadhi. Tena kreta nayo, kwa Wagiriki wa kale, ilikuwa bakuli la kuchanganyia mvinyo na maji, kwa hiyo ubishi wote wa wataalamu, ukifikishwa kwa mama ntilie wa Karatu, ungekuwa ni swali la kama chakula bado kiko jikoni au kimekwisha kupakuliwa.

Mikasa huanza pale mwongoza watalii mpya, aliyelikariri neno hilo chuoni, anapoamua kulitumia ukingoni asubuhi na mapema. Ukingo huo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi ukungu huuzingira hata wageni waliolipa ili walione shimo wakaishia kuoneshwa weupe mtupu na kupewa maelezo. Hapo neno ambalo mzizi wake wa Kilatini ni joto hutamkwa na mtu anayegonganisha meno, mbele ya watu waliovaa kaptura kwa kuamini kwamba Afrika haina baridi. Mmoja wao huuliza mlima wenyewe uko wapi, swali zuri mno kwa kweli, kwani jibu lake ni kwamba anaukanyaga na sehemu iliyobaki imezama. Lakini jibu hilo, likitolewa upesi ndani ya ukungu, huwafanya watu warudi nyuma na kushikilia milango ya gari.

Madereva wakongwe hawauingii mtego huo. Wao husema kreta, huwasha gari na kushuka kwa njia ya Seneto, na wageni wakishawaona nyumbu na faru, jina la shimo huwatoka akilini. Akitokea profesa wa kusahihisha, na safari hazikosi profesa, dereva hukubali kwa heshima zote, kisha humtajia Olmoti na Empakaai, ambazo nazo ni kaldera zinazoitwa kreta, ili marekebisho yapate kazi ya kutosha hadi saa ya chakula cha mchana.