Huu Upara ni wa Siku Nyingi

Mimi upara ninao tangu enzi za Mzee Ruksa. Naomba hilo lieleweke, maana tangu nianze dripu za saratani ya mitoki, kila anayekuja kunijulia hali akinikuta sina kofia anashika kifua: "Maskini, nywele zote zimekwisha!" Najieleza kwamba hizo ziliondoka zenyewe, kwa hiari, kabla baadhi ya wauguzi wangu hawajazaliwa. Hasikii mtu. Na anayesikia ndiye mbaya zaidi: "Basi baba Salma una bahati, hukuwa na cha kupoteza."

Cha kupoteza! Masharubu je?

Masharubu nimeyafuga tangu nioe. Daktari alisema wiki mbili tatu baada ya dripu ya kwanza nitaona, na kweli, nilipitisha kidole juu ya mdomo, kidole kikaondoka nayo. Zikafuata ndevu, nyusi, kope, hata malaika ya mikononi. Dawa hizi huwinda seli zinazogawanyika upesi, wala haziulizi kitambulisho. Mashina ya nywele nayo yana haraka hiyo hiyo. Utando wa mdomo vilevile, ndiyo maana nasukutua maji ya chumvi kila nikimaliza kula. Kuna moja, doksorubisini, nyekundu kama juisi ya choya. Ukirudi nayo nyumbani hata mkojo unatoka mwekundu, na usipotahadharishwa utaita watu. Asili yake ni bakteria wa udongoni kule Italia. Yaani masharubu ya Tanga yameng'olewa na udongo wa Italia, na hakuna wa kumshtaki.

Haya, masharubu ni pambo tu. Lakini nywele za puani, jamani! Miaka yote nazikata kwa mkasi nikiziona uchafu, kumbe zilikuwa kazini. Sasa pua inachuruzika bila taarifa, hasa nikiinamia mchuzi. Nyusi zilikuwa zikizuia jasho. Leo linateremka kutoka utosini hadi machoni, na kwa upara wangu halina kituo njiani. Vumbi nalo, kope zikishaondoka, linaingia jichoni bila hodi. Nikivaa miwani ya jua, watoto wa mtaa wananiita bosi.

Ngozi ya kichwa imekuwa nyororo na inauma kwa kuguswa tu. Barakashia yangu ya viua inanikwaruza. Mama Salma kanishonea kofia ya khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, nalala nayo kwa sababu ya feni. Nikiivaa nalalamika joto, nikiivua nalalamika baridi. Mwenzangu kaacha kujibu. Kwenye chumba cha dripu naibeba pamoja na shuka, maana kiyoyozi cha pale hakina huruma. Kinyozi naye nimempiga marufuku wembe, mashine tu, kwani kinga ikishuka hata mchubuko mdogo unaweza kukurudisha wodini. Alinipunguza vinywele vilivyobaki juu ya masikio, akanitoza bei ya kichwa kizima.

Majuzi nikaenda kuzika jirani aliyefariki na deni langu la mabati. Upepo ulikuwa mkali na makaburi ya kwetu ni mchanga mtupu. Macho yakanichuruzika, pua ikavuja, leso ikalowa chapachapa. Msemaji wa familia akatangaza, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Nikainua mkono. Mwanawe mkubwa akaja mbio, akanikumbatia mbele ya watu wote. "Ami, tumeona unavyomlilia baba. Mungu akulipe kwa kumsamehe." Umati ukaitikia amina, nami leso usoni nikashindwa hata kuyataja hayo mabati.