Fadhila za Gari Lisilo na Kitasa
Si insafu hata kidogo kuilinganisha Austin-Healey Sprite ya mwaka 1958, fahari ya Waingereza wapendao mwendo, na Morris Minor 1000, chombo cha wauguzi wa vijijini. Kwani, ijapokuwa zote husukumwa na injini ya jamii moja yenye sentimita za ujazo 948, Morris imejidhalilisha kwa kubeba watu wanne na paa juu ya vichwa vyao. Sprite, kwa staha yake, haina kitasa cha nje wala mfuniko wa buti: mwenyewe akitaka tairi la akiba hulaza kiti, akazama kichwa mbele, miguu ikabaki nje kama ya mvuvi wa pweza. Basi mvua ikinyesha, ewe mwenye Morris, tafadhali usimpungie mkono. Mwache muungwana afunge turubai lake.