Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho Yasiyokuwapo

Kwa Mkurugenzi,
Makumbusho ya Viwanda na Ufundi,
Kigali.

YAH: PONGEZI KWA USAFI WA KUMBI ZENU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka stendi ya Nyabugogo. Najua hujateuliwa, wala ofisi yako haijaanzishwa, lakini hilo lisikuzuie kujibu. Wapo wakurugenzi wenye ofisi, gari na dereva, na barua zetu hawazijibu vilevile.

Makumbusho mengine yanahangaika na vumbi, mchwa na wageni. Yako yamesalimika na yote matatu. Anayetaka kujua mababu walivyofua chuma hupanda basi hapa hadi Huye, akayakute majembe na mikuki kwenye makumbusho ya huko. Anayetaka ya kisasa huelekezwa Muhanga, ambako tangu 2016 ndege zisizo na rubani za Zipline hupeleka damu hospitalini. Kutoka jembe hadi droni! Tumeruka karne nzima bila kukanyaga chini, na hakuna aliyeteguka mguu.

Karne hiyo iliyorukwa ndiyo idara yako, nami najitolea kuwatembeza wageni wako. Kiingilio ni kugusisha kadi kwenye mashine ya basi. Tunapita barabara ya Poids Lourds, iliyopewa jina la malori mazito, tunafika Rwandex. Hapo mgeni ataonyeshwa kahawa ya nchi ilivyokuwa ikitayarishwa kwenda ng'ambo. Ataonyeshwa kwa kidole, kupitia dirishani, na asichelewe kutazama. Mbele kidogo ni Sonatubes, palipotengenezwa mabomba ya chuma. Leo ni makutano ya barabara. Vijana hushuka Sonatubes kila siku bila kujua kwamba jina hilo liliwahi kuwa na mashine ndani yake. Lebo tumezitunza vizuri mno, Mheshimiwa. Ni vitu tu vilivyotuponyoka.

Gakinjiro ndiyo lebo yenye bidii kuliko zote: maseremala na wachomeleaji walipohamishiwa Gisozi kutoka mjini, waliondoka na jina lao. Viwanda vya bondeni Gikondo navyo vikatakiwa kwenda Masoro ili kinamasi kipumue. Kinamasi kina haki yake, silalamiki. Naulizia tu kama kuna aliyepiga hata picha moja ya mashine kabla lori halijafika.

Ukumbi wa redio nao usiusahau. Kule Kinyinya, kuanzia 1965 hadi Machi 2015, ilisimama milingoti ya Deutsche Welle ikirusha matangazo kwa masafa mafupi, Kiswahili kikiwamo. Huenda mzee wa Kigoma aliyetega sikio kwa habari za Ujerumani hakujua kwamba zilimfikia kutoka mlimani kwetu. Umpe hata kitufe kimoja cha mtambo ule akiguse.

Mjerumani mwingine amefanikiwa zaidi: Richard Kandt, anayehesabiwa mwanzilishi wa Kigali mwaka 1907, ana nyumba ya makumbusho kwa jina lake, na humo hata nyoka wamepata makazi. Fundi wa Gatsata, hapa ng'ambo ya pili, anayefufua injini iliyokwisha kusomewa dua, hana hata rafu. Pengine tatizo lake ni kwamba bado anafanya kazi.

Maombi yangu ni madogo. Tafuta basi dogo moja la twegerane, hata lisilo na milango. Tafuta basi moja la Onatracom, shirika lililoanzishwa 1978, lililofika vijijini ambako wenye mabasi yao walihofia kuvunja springi. Mwaka 2016 RITCO ilichukua nafasi yake. Ukikosa pa kuyaegesha, hapa stendi tutajibana, tumezoea.

Wako mtiifu,
Abiria wa Nyabugogo

Nakala: Wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao maombi ya namna hii huyashughulikia siku hiyo hiyo.