Mizani za Otonglo: Mwongozo kwa Abiria

Panda matatu ya Maseno pale Kisumu mjini, kaa dirishani, kisha umwarifu jirani yako mapema kwamba utasoma shairi kwa sauti na kupiga makofi. Usione haya. Shairi la Kiswahili ni la sikio. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilikaa vichwani mwa watu kwa miongo mingi baada ya kifo chake ndipo zikaandikwa.

Nimekutungia ubeti wa mazoezi:

Otonglo, pale njiani, matatu imesimama,
Karai liko kichwani, muuza samaki, mama,
Ngege hawa wa ziwani, tazama walivyo wema,
Nateremka garini, mfuko unalalama.

Mishororo minne: tarbia. Vipande viwili, ukwapi na utao: mathnawi. Kina cha kati ni -ni, cha mwisho -ma. Ukimtoa "mama" ukaweka "omena", utavunja kina na kuzidisha mizani kwa mkupuo mmoja.

Sasa makofi, moja kwa kila silabi. "Otonglo" ina herufi saba, lakini makofi ni matatu. "Ngege", mawili. Mshororo wa mwisho ndipo wengi humwaga unga. Anayehesabu irabu tu atapata 7 kwa 7, atangaze kwamba mshororo huo umefupishwa, kwa hiyo shairi ni msuko. Sivyo! M ya "mfuko" inasimama peke yake, na ya "nateremka" vilevile. Kila moja inadai kofi lake. M-fu-ko, matatu. Na-te-re-m-ka, matano. Ni 8 kwa 8, sawa na mishororo iliyotangulia.

Kuhusu mtiririko, ukara na ukaraguni, subiri. Majina hayo hutokana na kulinganisha vina vya beti zote, nawe unao ubeti mmoja tu. Asikushurutishe mtu kuchagua.

Ukikutana na shairi huru, kama yale ya Kezilahabi katika Kichomi (1974), usilisute kwa kukosa mizani. Tazama limerudia nini, na mishororo imekatwa wapi.

Hata ukifika Otonglo, usishuke kabla ya kuuliza ule mpumuo wa katikati umefanya kazi gani. Katika ukwapi wa mshororo wa mwisho msafiri anateremka na hamu yake ya ngege, anavuta pumzi, katika utao mfuko unamkumbusha bei. Andika hilo kwanza, ndipo utaje 8 kwa 8.