Namna ya Kumlilia Sheva Alomar Ukiwa Rutshuru

Gemu la Resident Evil 5 la kampuni ya Capcom lilitoka Machi 2009. Tangu hapo wapenzi wa Sheva Alomar, Mwafrika aliyepigana bega kwa bega na Chris Redfield, wanangoja kuambiwa aliishia wapi. Ndugu mchezaji, ikiwa nawe unangoja, na unangojea Rutshuru, Kiwanja au Goma, fuata hatua hizi ili ukasirike kwa utaratibu.

1. Hakikisha umeme upo. Tangu Desemba 2015 kituo cha Matebe, chenye megawati 13.8, kinazungushwa na mto wetu wenyewe wa Rutshuru. Umeme ukikatika katikati ya pambano la mwisho, usilaani mtu. Umeepushwa na mengi.

2. Tumia Kiswahili chako. Kijuju, eneo la kubuni la gemu hilo, liko Afrika Magharibi, lakini maadui wake, Majini, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Usiulize kilifikaje huko. Furahi tu kwamba wewe unayajua matusi unayotukanwa, na Chris hayajui.

3. Usicheke kwenye volkeno. Humo ndimo Chris anamoligonga jabali kwa ngumi mpaka linabingirika. Mtu aliyekulia karibu na Nyiragongo, aliyeiona lava ikishuka Januari 2002 na tena Mei 2021, atashawishika kutoa maoni. Ajizuie. Mawe ya volkeno sisi tunayavunja kwa nyundo na kuyajengea nyua. Yawezekana miaka yote hii tulikosa ngumi tu.

4. Tafuta mwisho wa Sheva kwa tochi. Gemu lenyewe linaeleza kwamba alifiwa na wazazi utotoni kwa mkono wa kampuni ya Umbrella, akaokotwa na waasi, akapelekwa kusoma Marekani, akawa askari wa BSAA, kikosi cha kupambana na silaha za kibayolojia. Maisha ya namna hiyo yanadai majibu. Anapewa helikopta. Yeye na Chris wanarusha roketi, adui mkuu Wesker anakwisha, kisha Chris anamtazama Sheva na Jill, mwenzake wa zamani, na kuona kwamba vita vilikuwa na maana. Sheva mwenyewe ameonaje? Kijuju watu wamekwisha, nani anawazika? Helikopta imeshapaa. Oktoba 2012 likatoka Resident Evil 6: Chris yumo, hata mtoto wa Wesker kapatikana. Sheva hayumo.

5. Usilinganishe na mambo ya nyumbani. Kwa mfano, usikumbuke kwamba mwezi uleule, tarehe 23 Machi 2009, serikali ya Kongo na waasi wa CNDP walitia saini makubaliano mjini Goma, na hayo nayo yakaitwa mwisho. Usikumbuke kwamba mwaka 2012 waliodai hayakutekelezwa walianzisha M23, jina lililotoka kwenye tarehe hiyo, wala kwamba Oktoba 2022 waliingia Rutshuru na Kiwanja. Capcom angalau hutangaza toleo jipya mapema, na asiyelitaka halinunui.

6. Dai marekebisho kwa adabu. Mwaka 2012 wapenzi wa gemu la Mass Effect 3 waliuchukia mwisho wake, wakaipelekea kampuni ya BioWare keki ndogo zaidi ya 400 za rangi tatu, zote za ladha moja, kuonyesha kwamba miisho iliyotofautiana kwa rangi ni mwisho uleule. Juni mwaka huo mwisho uliorefushwa ukatolewa bure. Keki kutoka Rutshuru zitafika Osaka, makao ya Capcom, zikiwa unga. Tuma maharagwe. Yatafika mazima, na wakati wanangoja yaive watapata nafasi ya kutosha kusoma barua yako.

7. Katika barua usiombe roketi zaidi, wala mchumba kwa Sheva. Omba arudi Kijuju kwa miguu, abishe hodi kwenye nyumba zilizobaki, aulize nani yuko hai. Waandishi wa mbali wameshazoea kudhani kwamba hadithi ya Mwafrika inaisha pale mgeni anapoondoka. Waandikie kwamba sisi tunaobaki chini ndio kwanza tunaianza, na kwamba gemu la namna hiyo tutalinunua.