Gunia Halisemi

Jana asubuhi, nikiwa njiani kwenda Mangobo hapa Kisangani, nilishushwa kwenye baiskeli ili gunia la makala, yaani makaa, lipate nafasi. Sikushushwa kwa kuwa tumefika, wala kwa kuwa tairi limepata pancha. "Papa, shuka kwanza," alisema kijana aliyenibeba, nami nikashuka kwa adabu, nikidhani anataka kuvuta pumzi. Kumbe alikuwa amemwona mama mmoja kando ya barabara, na ubavuni mwa mama lile gunia, limefungwa mdomo kwa majani na kamba. Wakasemezana Kilingala upesi upesi, wakaangua kicheko, na nilipomaliza kujifuta jasho gunia lilikuwa limeketi mahali pangu, juu ya sponji ambayo bado ilikuwa na joto langu.

Nikauliza kosa langu ni lipi. Kijana akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoniuma mpaka sasa: "Papa, gunia halitikisiki."

"Na halisemi," akaongeza mama.

Niwaeleze toleka ilivyo, maana tangu jana nimeifikiria kuliko ninavyoifikiria familia yangu. Ni baiskeli nzito ya chuma, isiyo na gia, ambayo fundi wa kuchomelea ameipandisha cheo ikawa basi. Keria ya nyuma imeongezwa vyuma, juu yake ikawekwa sponji iliyovikwa plastiki ya rangi kali. Chini pana vyuma viwili vya abiria kukanyagia, na mbele yake, nyuma ya tandiko la dereva, pana mahali pa kushika. Breki zipo, ila kazi kubwa ya kusimamisha hufanywa na soli ya kiatu.

Sasa sikilizeni hesabu yake. Uzito wa abiria hukaa juu ya gurudumu la nyuma, au nyuma yake kidogo. Kwa hiyo gurudumu la mbele, ambalo ndilo lenye dhamana ya kuongoza, hubaki jepesi, na kila mwinuko hulipunguzia uzito zaidi mpaka usukani unageuka pambo. Tolekisti, yaani dereva, hujilaza juu ya usukani ili kulirudisha gurudumu duniani. Wakati huo abiria akigeuza shingo, bega hufuata. Bega likifuata, kiuno nacho hakibaki nyuma. Na baiskeli nzima, pamoja na kijana na mustakabali wake, huelekea kule alikotazama abiria. Ndiyo maana abiria bora wa toleka ni mtu asiye na udadisi wowote. Nimewaona akina mama wa Kisangani wamekaa upande, mtoto mgongoni, beseni la samaki mapajani, simu sikioni, na hakuna kiungo kinachosogea isipokuwa midomo. Mimi niligeuka kutazama kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, kisha nikageuka kutazama Mto Kongo, kisha nikageuka kumtazama mtu aliyebeba kitanda kichwani. Kutalii ndiko huko. Kama ningetaka kutazama mgongo wa mtu, yako madaladala ya kutosha nyumbani.

Siku hizi pikipiki zimezipunguza sana toleka, lakini mimi nilichagua baiskeli kwa makusudi, ili niuone mji polepole. Nimeuona polepole kuliko nilivyoomba.

Ikaja habari ya nauli. Nilitoa nusu, kwa kuwa nilibebwa nusu ya njia. Kijana akatikisa kichwa kwa huruma ya mwalimu wa hesabu, akaeleza kwamba bei ya kwenda Mangobo imo yote katika nusu ya kwanza, kwa sababu humo ndimo mna mwinuko wa kutoka mtoni. Nusu ya pili ni tambarare, na hiyo alikuwa ananipa bure. Kwa hiyo, kwa kushuka, nilikuwa nimekataa zawadi. Nikalipa yote. Mama wa makala aliitikia hoja hiyo kwa kichwa, kisha akapatana bei yake mwenyewe, ambayo nilisikia kwa masikio yangu kwamba ni ndogo kuliko yangu.

Kwa kuwa njia ni moja, nikawa natembea nyuma yao. Kijana hakuwa na haraka tena, gunia halikumharakisha. Watu wa kando ya barabara waliona baiskeli, gunia, mama akitembea mbele, na papa wa makamo akifuata nyuma jasho likimtoka, wakaamua kwamba mwenye mali ni mimi. Bibi mmoja akaniuliza bei. Nikamwambia siuzi. Akasema hapo ndipo wafanyabiashara wanapokosea, wanataka wabembelezwe. Akataja bei, akaipandisha mwenyewe, akaipandisha tena. Mwingine akataka kujua kama ni makala ya mti mgumu. Nikajikuta nasema ndiyo, mgumu sana, na nilisema kwa fahari. Kufika kwenye kona tayari nilikuwa na wateja, na sikuwa na usafiri.

Tukitembea hivyo nilianza kutafuta faraja katika historia, nikaipata. Mji huu wa Kisangani upo mahali ulipo kwa sababu moja tu: hapa mizigo hushushwa. Meli ikitoka Kinshasa hupanda mto yapata kilomita 1,700, ikifika hapa basi, kwa kuwa mbele yake kuna maporomoko saba ya Boyoma, yamejipanga moja baada ya jingine, na juu yake mto wenyewe hubadili jina ukaitwa Lualaba. Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kutoka ng'ambo ya pili hadi Ubundu, kati ya 1903 na 1906, ili kuyazunguka maporomoko hayo. Kwa hiyo mzigo ulishushwa melini, ukapandishwa treni, ukashushwa treni, ukapandishwa meli nyingine. Tazama basi: nilivyotendewa mimi jana ni utaratibu uliokuwapo kabla babu yangu hajazaliwa.

Na kila mgeni aliyefika hapa alitaka abebwe. Mpelelezi Stanley alipita Januari 1877, mitumbwi yake ikiburutwa na watu wake msituni pembeni mwa maporomoko. Jina lake likakaa juu ya mji mpaka 1966, la wale walioburuta halikukaa popote. Mwaka 1887 Tippu Tip, mtu wetu wa Zanzibar, alifanywa gavana wa hapa hapa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na meno ya ndovu yakaendelea kwenda pwani juu ya mabega ya watu. Kiswahili hiki ninachotamba nacho sokoni hapa kiliingia kwa mabega hayo hayo, na wengi wa wenye mabega hawakuulizwa.

Hapo kicheko changu kilipungua. Toleka zilishamiri katika miaka ya vita, mto ulipofungwa na mafuta yakaadimika, na mji mzima ukabaki na miguu ya vijana wake. Nao walioufunga mto si watu wa mbali. Juni 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe humu mjini kwa siku sita. Wageni wawili waligombana ndani ya nyumba ya mtu, na waliozikwa ni wenye nyumba. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya miaka ile yote ya vita. Rwanda haikuhukumiwa, kwa kuwa mahakama ilikwisha kusema haina mamlaka juu yake. Mwaka huo huo Kongo ikakaribishwa katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, tukapiga makofi, tukasimama kwa picha. Mimi nilipiga makofi pia. Sikumbuki kumsikia mtu akitaja Kisangani.

Mchana nilikwenda kwa Wagenia, wavuvi wa kwenye poromoko la mwisho, ambako nilipokewa na bei. Bei ya kutazama, bei ya mtumbwi, bei ya mzee, na bei ya vijana waliokuwa wamekaa tu lakini wangeweza kusimama. Nikakalishwa ndani ya mtumbwi mrefu, wapiga kasia wakiwa wamesimama na kuimba, nikapewa kopo. Nikashukuru, nikalishika nikingoja kinywaji. Mzee akanionyesha maji yaliyokuwa yamefika vifundoni mwangu. Kazi ya kopo ikanibainikia, na niliifanya mpaka tulipofika miambani. Wakati wengine wanaimba juu ya mababu, mimi nachota.

Lakini nitakuwa mchoyo nisipoeleza mtego wao wa samaki. Mwamba wa pale una mashimo ambayo mto wenyewe umeyachimba. Wagenia huchukua magogo makubwa, huyasimika ndani ya mashimo hayo matatu matatu yakiwa yameegemeana, huyafunga kwa mitambaazi ya msituni, kisha hulaza miti mingine juu yake mpaka juu ya maji yanayonguruma panakuwa na jukwaa lote la magogo, bila msumari. Kutoka hapo huning'iniza makapu marefu yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, huyashusha mahali maji yanapopita kwa nguvu kuliko pote. Chambo hakuna, ndoana hakuna. Samaki husukumwa na mkondo mpaka mkiani, na nguvu ile ile iliyomwingiza ndiyo inayomzuia kutoka. Samaki mdogo hupita katika nafasi za fito akaenda zake kukua. Asubuhi na jioni vijana huparamia magogo, hushuka kwa kamba mpaka povu linapowafunika, huyavuta makapu. Mtu huyo anatembea juu ya gogo lililolowa, chini yake mto wa pili kwa wingi wa maji duniani, naye anapiga soga na mwenzake. Mimi nilikuwa nimekaa, nimeshika mtumbwi kwa mikono miwili, kopo nimelibana kwa magoti.

Wakavuta kapu moja kwa ajili yangu. Lilikuwa tupu. Mzee akalitazama kapu, akanitazama mimi, akasema jambo, na wote wakaonekana kuafiki.

Yaliyobaki sitayarefusha. Nilivuka kwenda Lubunga, ng'ambo inakoanzia ile reli, kwa mtumbwi wa injini nikiwa nimekumbatia mbuzi ambaye si wangu, kwa ombi la mtu ambaye sikumwona tena mpaka ng'ambo. Stesheni ipo, reli ipo, treni haikuwapo. Lituma, ile ndizi ya kupondwa inayoliwa kwa samaki, niliila kwa uma, na mama ntilie akawaita watoto waje waone. Mvua ilinyesha.

Jioni niliketi ukingoni kwenye kiti cha plastiki, bila kamera, simu mfukoni, nikitazama maji. Akaja bwana mmoja, shati lake limepigwa pasi, kitambulisho chake kifuani kimegeuka nyuma. Akaniuliza nina kibali gani cha kuwa pale. Nikampa pasipoti. Viza sawa, muhuri sawa, cheti cha homa ya manjano sawa. Ukamilifu wa karatasi zangu ulimsikitisha. Akafikiri, akagundua karatasi inayokosekana, ambayo hutolewa na ofisi iliyofungwa saa tisa, na ambayo yeye, kwa wema wake, angeweza kuiwakilisha kwa muda.

Nisingelalamika kwa ajili yangu. Mimi nitapanda ndege nitakwenda. Lakini nilikuwa nimeshinda na yule mama wa makala, kwa maana ya kutembea nyuma yake, na aliniambia anavyolipa. Hulipa gunia likitoka porini, hulipa likishuka mtumbwini, hulipa likipita penye kamba ya kizuizi, na penye kamba pengine hapana hata bango, pana kijana na kiti. Likifika sokoni gunia limelipiwa na kila mtu aliyewahi kulitazama. Kisha mnunuzi humlaumu yeye kwa bei. Mji una bwawa la umeme juu ya Mto Tshopo tangu enzi za Wabelgiji, na bado chungu cha jioni katika nyumba nyingi hupikwa kwa makala ya mama huyu. Angekuwa kwenye noti ya benki. Badala yake yuko kwenye foleni ya mwenye kamba.

Kwa hiyo nilipotoa fedha nilidai risiti. Bwana yule alishtuka. Nadhani hakuwahi kuombwa. Akaazima daftari la shule kwa mtoto aliyekuwa karibu, akachana ukurasa, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "Amelipa. Mto." Akatia sahihi ndefu yenye mkia.

Usiku nikaupiga picha ukurasa ule, nikamtumia mhasibu wa ofisi yetu, kwa kuwa safari hii ni ya kikazi. Amenijibu sasa hivi. Anasema mto hauna kasma. Nirudi kwa yule bwana, nimwombe aandike "chai", maana chai inayo.